Boksi Haifi, Inaachwa: Historia ya TV Zetu Hapa Mpakani

 

Leo naongea kuhusu hizi boksi ndogo za kuchomeka nyuma ya TV, zile zinageuza TV ya kawaida kuwa ya YouTube na Netflix, na zinasoma movie kwa flashi. Kila mtu anataka moja, na kila mtu akifika dukani swali lake la kwanza ni "Ni ngapi?" La pili ni "Iko na GB ngapi?" Maoni yangu ni haya: bei ni swali la tatu, GB ni la nne. La kwanza ni boksi inasoma fomati gani. La pili ni nani ameitengeneza.

Si ati najifanya mjuaji. Historia ya hizi mitaa ndiyo inasema hivyo. Angalia juu ya kabati la nyumba yoyote ya watu wazima hapa kwetu: utapata deki ya zamani na dekoda imefunikwa kitambaa. Ukiziwasha taa inawaka. Hazikufa. Ziliachwa, kwa sababu dunia ilihamia lugha nyingine na zenyewe hazikuweza kujifunza.

Kwa nini video inabanwa

Piga hesabu na mimi. Picha moja ya HD iko na nukta 1920 kwa 1080, karibu milioni 2. Kila nukta inachukua baiti 3 za rangi. Picha 25 kwa sekunde moja inakuwa MB 155 hivi. Movie ya saa mbili itapita TB 1! Hakuna flashi ya River Road inabeba hiyo, na hakuna bando ya Safaricom au MTN inaweza kuivuta.

Kwa hivyo video lazima ibanwe. Anayebana anatumia kanuni fulani, na anayefungua lazima ajue kanuni hiyohiyo. Kanuni ndiyo inaitwa kodeki. MP4, AVI na MKV ni magunia tu. Unaweza kupata magunia mawili yameandikwa MP4, moja liko na mahindi, lingine mawe. Ndiyo maana jirani anacheza "MP4" fiti, na wewe MP4 yako inatoa sauti bila picha.

Enzi ya kibanda

Kabla ya kodeki kulikuwa na kanda. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, ikaletwa na kampuni ya JVC, na ndiyo iliyolea vibanda vya video Afrika Mashariki nzima: benchi za mbao, TV moja, deki moja, jenereta inanguruma nje, na watu wengi kuliko viti.

Upande wa Uganda kibanda kilizaa kazi mpya kabisa, ya VJ. Msee anakaa na maiki, anapunguza sauti ya movie, anatafsiri kwa Kiganda huku akiongeza utani, ushauri na matusi madogo madogo. VJ Jingo amekuwa jina kubwa kwa miaka mingi. Kenya nayo ikampata DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Sisi wa mpakani tulikula sahani zote mbili: Schwarzenegger anaongea Kiganda asubuhi, Kiswahili jioni, na nyumbani unasimulia hadithi hiyo kwa Kiteso. Mpaka ulichorwa na wakoloni, lakini maiki haikuuliza pasipoti.

Halafu VCD ikaja. Kanuni yake ilikubaliwa mwaka 1993 na inatumia kodeki ya MPEG-1. Diski moja inabeba dakika 74 hivi, kwa hivyo movie nyingi zilikuja na diski mbili. Kama uliwahi kusikia wakubwa wakisema "weka CD ya pili" wakati starring ameshikwa na maadui, sababu ni hiyo. Si mwenye kibanda alikuwa anawatesa.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na MPEG-2, picha safi zaidi. Hapo watu wakapata somo la kwanza: mashine ya DVD ilisoma VCD, lakini mashine ya VCD haikusoma DVD. Weka hiyo sheria kwa akili: mpya kwa kawaida husoma ya zamani, ya zamani haisomi mpya.

Somo la pili lilikuja na zile DVD za hamsini bob, movie kumi ndani ya diski moja. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, na movie moja ya MPEG-2 inaweza kuijaza. Kumi ziliingia aje? Nyingi zilibanwa kwa MPEG-4, ile familia watu waliijua kwa jina la DivX. Deki iliyokuwa na alama ya DivX mbele ilizicheza. Ile isiyokuwa nayo ilizunguka, ikafikiria, ikasema haijui hiyo diski. Deki mbili, rangi moja, labda bei karibu sawa, lakini moja iliishi miaka mingi zaidi kwa sababu ya alama ndogo ambayo wengi hawakuangalia.

Dekoda na somo la gharama

Sasa serikali ikaingia. Disemba 2009 Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Kenya. Kanuni ya wakati huo ilikuwa DVB-T. Muda si muda nchi ikahamia DVB-T2. Ongezeko la namba 2 tu, lakini dekoda ya DVB-T haiwezi kushika mawimbi ya DVB-T2 hata uipige makofi. Waliokimbia kununua mapema walibaki na pambo.

Tarehe ya mwisho ya kuzima analogi, iliyokubaliwa kimataifa, ilikuwa Juni 17, 2015. Mnamo Februari mwaka huo NTV, KTN na Citizen zilipotea hewani karibu wiki tatu katika vuta nikuvute kati ya wenye vituo na Mamlaka ya Mawasiliano. Watu walinunua dekoda kwa hofu. Wengine wakachukua za kulipia kila mwezi, ambazo zimefungwa kwa kampuni moja. Wengine wakachukua za bure. Kwa sisi wa mpakani tofauti ni kubwa. Kenya na Uganda zote zinatumia DVB-T2, na dekoda ya bure haijui kizuizi cha barabarani: ukielekeza antena vizuri inachukua vituo vya pande zote mbili vinavyofika kwako. Ile iliyofungwa inakuonyesha tu kile kampuni yake imeruhusu.

Somo la tatu basi: usiulize tu boksi inafanya nini leo. Uliza imefungwa kwa nani.

Tulipo sasa

Kodeki ya H.264 ilikamilishwa mwaka 2003 na karibu kila kitu kinaisoma, hata simu ya mulika mwizi iliyochangamka. H.265, jina lingine HEVC, ilikuja mwaka 2013. Inabana karibu mara mbili zaidi kwa ubora uleule: movie ya GB 2 inakuwa GB 1 hivi. Shida yake ilikuwa leseni. Makundi tofauti ya wenye hataza yalitaka kulipwa, kila moja na masharti yake. Mwaka 2015 Google, Netflix, Amazon, Mozilla na wengine wakaungana kutengeneza kodeki isiyodai ada. Matokeo yake ni AV1, iliyotolewa mwaka 2018.

Unajiuliza hiyo inakuhusu nini wewe na bando yako ya siku? Inakuhusu sana. Boksi ikiongea na YouTube, inasema inajua kodeki gani. Kama haijui AV1, inapewa ya zamani, ambayo kwa ubora uleule inakula data zaidi. Kwa hivyo boksi ya bei rahisi inaweza kuwa inakutoza polepole, bando baada ya bando. Mtu wa fibre Nairobi hawezi kuiskia hiyo. Mtu wa hotspot Moding ataiskia kabla mwezi uishe.

Na usidhani jina kubwa linatosha. Google walitoa Chromecast ya 4K mwaka 2020 bila AV1 ndani ya chipu. Mwaka 2022 wakatoa ndugu yake wa HD, wa bei ya chini, na huyo akawa na AV1. Mdogo alijua lugha ambayo mkubwa hakuijua. Xiaomi vilevile: Mi Box S ya 2018 haina AV1, TV Box S kizazi cha pili ya 2023 inayo. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu", mwambie historia inakataa.

Jinsi ya kuchagua

Moja, AV1 na H.265 ziwe ndani ya chipu yenyewe. Video nzito ya 4K ikifunguliwa kwa programu tu, boksi dogo linapata joto na picha inakwama kwama. Za zamani kama MPEG-2 na DivX ni nyepesi, hizo programu ya bure kama VLC au Kodi inazimaliza bila jasho. Yaani: mpya zidai kwa chipu, za zamani achia programu.

Mbili, H.265 iwe ya biti 10. Faili nyingi za siku hizi ziko hivyo, na chipu ya biti 8 itakupa sauti na giza.

Tatu, nenda dukani na flashi yako. Weka movie moja ya H.264, moja ya H.265 ya biti 10, moja ya AV1, na moja ya zamani ya AVI. Cheza zote kabla ya kutoa doo. Angalia sauti pia, kwa sababu boksi zingine hazina leseni ya sauti za Dolby au DTS. Kama faili inapita GB 4, flashi isiwe ya FAT32, maana FAT32 haibebi faili kubwa hivyo. Muuzaji akikataa ujaribu, hilo ni jibu tosha.

Nne, kwa YouTube fungua mipangilio ya video na uwashe takwimu za wataalamu. Ukiona av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni H.264. Mashine haiwezi kukudanganya hapo kama sanduku la karatasi linavyoweza kukuandikia 8K.

Tano, Netflix inataka kibali. Boksi isiyo na Widevine ya kiwango cha L1 itakuonyesha picha hafifu hata kama TV yako ni ya 4K.

Sita, na hii si mchezo: usalama. Januari 2023 mtafiti mmoja alianika boksi ya T95 iliyouzwa na virusi tayari ndani. Baadaye ikajulikana ni sehemu ya mtandao mkubwa ulioitwa BADBOX, na Julai 2025 Google ikaenda mahakamani ikisema kizazi chake cha pili kimeshika vifaa zaidi ya milioni 10. Boksi isiyo na jina la mtengenezaji inaweza kuwa inatumia intaneti ya mama yako kufanya uhalifu akiwa amelala. Tafuta ile iliyothibitishwa na Google, na kabla ya kulipa hakikisha Play Store inaitambua.

Kitu ambacho hakuna boksi itatuletea

Sasa kile kinachoniuma. Tunakimbilia AV1, sawa. Lakini zile VCD na DVD za VJ na DJ wa miaka ile ziko wapi? Nyingi haziko Netflix na hazitawahi kufika huko, kwa sababu movie zenyewe hazikuwa na ruhusa ya wenyewe. Hilo ni kweli na siwezi kulificha: Hollywood haikulipwa. Lakini sauti iliyo juu ya movie ni yetu. Ni Kiganda na Kiswahili cha watu waliofundisha mtaa mzima kucheka kuhusu filamu walizotengenezewa wengine. Mwaka 2010, kule Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? na leo dunia inaitazama pamoja na sauti ya VJ Emmie juu yake. Wageni waligundua VJ ni sanaa, wakati sisi tunafunika deki kwa kitambaa.

Diski zinachakaa. Deki zinazozisoma zinazidi kupungua. Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kabla mzazi wako hajauza deki kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, ulizia kama kuna diski za VJ kwa nyumba, tafuta komputa yenye tundu la DVD, na uzinakili kwa H.264 ya kawaida. Si AV1, si H.265. H.264, kwa sababu hiyo hata boksi mbovu zaidi ya mtaa itaisoma miaka mingi ijayo.

Kama uko na moja, andika hapo chini ni ya VJ gani na movie gani. Nataka tujue bado tuko na nini mkononi.