Mcheri wa Afrika: Mti wa Mlima Elgon unaoponzwa na gome lake

KATIKA njia panda ya Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma, barabara moja huelekea Chwele na kupanda hadi miteremko ya Mlima Elgon. Katika msitu wa mlima huo humea mti ambao Wakalenjin huuita tendwet na Waluhya mwiritsa. Jina lake la kisayansi ni Prunus africana, yaani mcheri wa Afrika.

Mti huu ni wa jamii moja na micheri mwitu ya Japani, ambayo gome lake hutumiwa na mafundi wa Kakunodate kutengenezea makopo ya majani chai. Huku Afrika, gome hilo huthaminiwa kwa tiba. Wenyeji wamelichemsha tangu jadi kutibu homa na maumivu ya tumbo.

Tangu miaka ya 1970, viwanda vya Ulaya vimekuwa vikilinunua kutoka Kamerun, Madagascar, Kenya na kwingineko. Dawa inayotokana nalo hupunguza shida ya kukojoa kwa wanaume ambao tezi dume yao imetanuka pasipo saratani.

Biashara hiyo imeuponza mti. Gome la ndani ndilo hupeleka chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likiambuliwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka.

Hata hivyo, mti unaweza kuvunwa ukaishi. Utaratibu uliotumika Kamerun ni kuchagua shina lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, kuambua robo mbili zinazotazamana, na kuacha robo mbili nyingine. Mti hupumzishwa kwa miaka kadhaa, gome lipate kuota upya.

Mwaka 1995 mti huu uliwekwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Tangu hapo, gome haliuzwi nje bila kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji hauhatarishi kuwepo kwa mti huo.

Kinga nyingine ni kuupanda mashambani. Mbegu zake hupoteza uhai upesi zikikauka, hivyo hufaa kupandwa zikiwa mbichi. Mkulima husubiri miaka mingi kabla ya kuvuna gome, lakini kabla ya hapo hupata kivuli, kuni na mipini ya majembe, nao ndege hupata matunda.