Shaka ya Waingereza, Kutoka Bahati Hadi Asilimia

Mwingereza wa karne ya 16 aliyetaka kusema "labda" alikuwa na maneno tele ya kuchagua: "peradventure", "perchance", "percase", "haply", "mayhap", na hili lililobaki hai hadi leo, "perhaps". Ukiyachimbua utakuta yote yana mzizi wa bahati au tukio. "Hap" ni bahati katika lugha ya Waviking. "Aventure" na "chance" ni Kifaransa kilichoingia baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066. Katika Biblia ya Mfalme James ya 1611, Ibrahimu akiwaombea watu wa Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, anatumia "peradventure", ingawa asichokijua ni idadi tu ya watu waliomo mjini. Kwa karne nyingi Kiingereza kiliiweka shaka nje ya msemaji, katika mambo yanayoweza kutokea au yasitokee. Ilihamia baadaye kwenye ushahidi alionao msemaji, na walioihamisha, kwa maoni yangu, ni watu wa kazi fulani wala si washairi.

Msomaji atapinga kwamba hakuna anayesikia mizizi anapozungumza. Ni kweli, na Kiswahili ni shahidi: "labda" imetoka kwa Waarabu, ambao kwao ni "hapana budi", yaani ni ndugu wa "budi" yetu, nasi tumeigeuza kuwa shaka. Neno moja, basi, halithibitishi kitu. Lakini hapa tuna kundi zima lililoundwa kwa nyakati tofauti na kwa malighafi ya lugha mbili, nalo likarudi kila mara kwenye bahati. "Arguably", lililozuka mwishoni mwa karne ya 19, halina bahati ndani yake, lina hoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: zamani hizo hizo yalikuwapo maneno "I trow", "I ween" na "methinks", yanayotaja fikra za mtu. Hilo nalikubali, ila tuyatazame vizuri. "Trow" ni jamaa ya uaminifu, "ween" ya matumaini, na katika "methinks" mtu hatendi lolote. Jambo ndilo linalomwonekea. Mtu aliamini au alitumaini bila kupima. Hata "probable", kwa Kilatini cha wasomi wa Enzi za Kati, lilikuwa rai iliyokubaliwa na wakubwa wa elimu.

Mambo yaligeuka katikati ya karne ya 17. Mwaka 1654 wanahisabati Pascal na Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawa dau la kamari iliyokatizwa, na bahati ikaanza kuhesabika. Mwaka 1660 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi, ikaasisiwa London, na mwaka uliofuata Robert Boyle, mwanakemia, akaona haja ya kuwaeleza wasomaji kwa nini maandishi yake yamejaa "perhaps" na "it seems": majaribio yalimpa uhakika kuhusu alichokiona, si kuhusu sababu zake. Tangu hapo kusitasita kukawa dalili ya uangalifu.

Kazi iliyoufikisha mkondo huu mbali zaidi ni ujasusi. Mwaka 1951 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "serious possibility". Sherman Kent, aliyehusika na ripoti hiyo, alikuwa na uwezekano wa 65 kwa 35 kichwani. Alipowauliza wenzake waliokubali maneno hayo hayo, majibu yalitoka 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wamekubaliana juu ya sauti tu. Mwaka 1964 alichapisha pendekezo la kuliwekea kila neno kiwango chake, "probable" likiwa karibu asilimia 75, naye akawaita waliompinga washairi. Jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi nalo lina jedwali la namna hiyo: "likely" huanzia asilimia 66, "very likely" 90. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wasomaji wa kawaida waliopewa sentensi za jopo hilo waliyavuta maneno kuelekea 50 kwa 50, na hata jedwali lilipokuwa mikononi mwao, wengi waliendelea kukadiria kwa kipimo chao wenyewe.