Jin Hupikwa kwa Mreteni na Sheria

Vinu vya upepo virefu kuliko vyote duniani viko Schiedam, mji ulio ubavuni mwa Rotterdam huko Uholanzi. Kimojawapo, De Noord, kinapita mita 30, maana mabawa yake yalipaswa kushika upepo juu ya mapaa ya mji. Kazi ya vinu hivyo ilikuwa kusagia wapishi wa pombe nafaka na kimea. Kilichopikwa kwenye mitambo ya shaba kilikuwa kizito, chenye harufu ya nafaka, na ndani yake vikatiwa vitunda vya mreteni. Hiyo ndiyo jenever, mama wa jin zote.

Anayetaka kuzilinganisha jin na aanze hapo, bila barafu wala soda. Jenever ya mtindo wa zamani, oude, lazima iwe na angalau asilimia 15 ya pombe ya kimea. Ile ya mtindo mpya, jonge, haivuki kiwango hicho. Kwangu oude inashinda. Mreteni umekaa nyuma, kimea kiko mbele, na mnywaji anaijua nafaka aliyopewa.

Mwaka 1688 Mholanzi, William wa Orange, aliingia Uingereza na muda mfupi baadaye akawa mfalme. Vita na Ufaransa vikafunga mlango kwa brandi ya Wafaransa, na mwaka 1690 Bunge likafungua upikaji wa pombe kali kwa nafaka ya nyumbani. Wenye mashamba walifurahi, kwa kuwa mavuno yao yalipata soko. Walioumia ni maskini wa London. Jin ya bei ya chee iliuzwa vichochoroni na majumbani, nyingine ikiwa imechanganywa na tapentaini. Mwaka 1734 mama mmoja, Judith Defour, alimuua mtoto wake mwenyewe, na nguo za mtoto huyo zikauzwa ili pesa ya jin ipatikane. Ni vigumu kusoma habari hiyo na kuiona jin kama starehe tu.

Bunge lilijibu kwa pupa. Sheria ya 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambayo muuzaji wa kichochoroni hakuwa nayo hata ndotoni. Karibu kila mtu akauza kwa kificho, na mwaka 1743 sheria hiyo ikafutwa. Ile ya 1751, mwaka ambao William Hogarth alitoa mchoro wake wa mtaa ulioangamizwa na jin, ilikuwa na busara zaidi. Bei ya nafaka ilipopanda, wimbi la jin likashuka.

Jin ya zama zile ilikwaruza koo, na sukari ilisaidia kuficha ukali huo. Hapo ndipo penye asili ya mtindo wa Old Tom, jin yenye utamu kiasi, iliyo katikati ya jenever na jin tunayoizoea leo. Kisha mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa afisa wa ushuru huko Ireland, alipata hataza ya mtambo wa minara uliokeneka pombe mfululizo, bila kusimama. Pombe ikatoka safi, na sukari haikuwa na la kuficha. Ikazaliwa London Dry: mreteni mbele, giligilani nyuma yake, maganda ya limau na machungwa yakifuata. Leo kanuni za Ulaya haziruhusu sukari kuzidi gramu 0.1 kwa lita, na jina hilo halimlazimishi mtu kupikia London.

Jin ya Plymouth, inayotoka katika kiwanda cha Black Friars tangu 1793, ni laini zaidi na ina harufu ya mizizi. Itafute kabla hujaonja kitu chenye toniki, maana kwinini iliyomo hufunika mengi. Toniki nayo ina historia inayotugusa: kwinini ni dawa ya malaria, na Erasmus Bond alipata hataza ya kinywaji hicho London mwaka 1858.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikiwataka wapishi wa vijijini wamuuzie mwenye leseni enguli, pombe yao kali; ndiko ilikotoka Uganda Waragi, jin ya chupa. Wengi waliendelea kupika na kuuza wenyewe, kama wale wa London baada ya 1736. Na Nairobi wapo wapishi wa Procera, wanaotumia vitunda vya mtarakwa wa milima yetu, ilhali kanuni za Ulaya hutaja mreteni wa kwao kwa jina. Hiyo nayo ionjwe kavu, kando ya London Dry, vitunda viwili vya ukoo mmoja vikipimwa na ulimi.