Mashauri ya Walio Mbali: Usuluhishi Nje ya Mahakama katika Nyanda za Juu Kusini

Mahakama za wenyeji, yaani mabaraza ya machifu ambayo serikali ya kikoloni ya Waingereza iliyapa mamlaka kwa sheria ya mwaka 1929, zilikuwa zimekwisha kuenea Rungwe, Mbeya na Iringa kufikia miaka ya 1930, na bado mashauri mengi ya ndoa, mahari na ng'ombe yalimalizwa bila kufika kwa karani wa mahakama. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mkewe Monica kati ya 1934 na 1938 na kuchapisha makala juu ya sheria za Wanyakyusa mwaka 1937, aliona kwamba jirani au rafiki anayeheshimika ndiye aliyekuwa mlango wa kwanza wa shauri, na kwamba malafyale, ambaye ndiye chifu, alifikiwa pale tu wengine waliposhindwa. Mazoea hayo kwa kawaida huelezwa kuwa ni tabia ya wazee kupenda suluhu kuliko hukumu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanasahau jambo moja zito, nalo ni kwamba katika miaka hiyo sehemu kubwa ya vijana waliohusika na mashauri hayo hawakuwapo nyumbani.

Dhahabu ya Lupa, katika eneo la Chunya, iliwavuta vibarua kuanzia miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Huko bado palikuwa karibu, kwani mtu aliweza kurudi kwa miguu kulima na kuzika. Safari iliyobadilisha mambo ni ile ya kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baada ya Vita Kuu ya Pili kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba ya shirika la kuajiri vibarua lililozoeleka kwa jina la Wenela. Aliyekwenda huko hakuweza kuitikia wito wa mahakama ya Tukuyu, huko Rungwe, na hakimu wa Tukuyu hakuwa na mkono wa kumfikia.

Hata hivyo kutokuwepo kwake hakukuzuia shauri, kwa sababu mwenye shauri hakuwa yeye peke yake. Kwa Wanyakyusa ng'ombe wa mahari walitoka katika zizi la baba au la ndugu, na mali ya marehemu ilirithiwa kwanza na mdogo wake kabla ya kuwafikia wana, kwa hiyo kila ng'ombe aliyetolewa au kudaiwa alikuwa na wenyewe kadhaa walio hai, na wengi wao walikuwa nyumbani.

Mfano wa shauri la kawaida ni lile la mume aliyeko Luanshya, kwenye migodi ya shaba, huku mkewe akiwa amehamia kwa mwanamume mwingine. Baba au kaka wa mume alituma mshenga kwa ukoo wa mwanamke, na mkutano ukakaliwa pamoja na amafumu, yaani wakuu wa vijiji wasiotoka katika ukoo wa machifu, au pamoja na majirani waliokubalika na pande zote mbili. Kosa lenyewe halikuchukua muda mrefu, kwa kuwa kila mtu alilijua. Muda uliishia katika hesabu: ng'ombe wangapi walitolewa na kwa awamu zipi, yupi alikufa kabla hajazaa, ndama wa yupi alikwisha kutumika kumwoza kaka wa mwanamke, watoto waliozaliwa wabaki kwa nani, na mwanamume mpya atoe nini juu ya mahari kama fidia ya ugoni, ambayo ni malipo anayodaiwa aliyelala na mke wa mtu. Mara nyingi ng'ombe wa mwanamume mpya ndio waliorudi kwa mume wa kwanza, wakipitia mikononi mwa baba wa mwanamke, na shauri likaisha pasipo hata mmoja kulipa ada ya mahakama.

Aliyeko mbali alishiriki kwa barua. Wamoravian na Waluteri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na shule zao zilizaa kizazi kilichoweza kuandika au angalau kumpata wa kumwandikia, na pale ambapo barua haikufaa ujumbe ulibebwa na mtu aliyemaliza mkataba. Mshahara ulimpa kijana sauti ambayo baba yake hakuwa nayo katika umri huo, kwa kuwa aliyeweza kununua ng'ombe mwenyewe aliweza pia kukataa mapatano yaliyofanywa kwa jina lake, na Monica Wilson ameeleza jinsi fedha za ugenini zilivyolegeza utegemezi wa wana kwa zizi la baba.

Pasipo kwenda mbali kiasi hicho, mto Songwe pekee ulitosha kumfanya mtu awe nje ya nchi. Mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya Julai 1890 yaliuweka mto huo kuwa mpaka, nao Wangonde wa Karonga, walioangukia upande wa Nyasaland, ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa kuoana. Ukoo wa Kyela uliowadai wakwe zao wa ng'ambo haukuwa na mahakama moja ambayo amri yake ingeshika pande zote mbili za maji, na kwa dai kama hilo mazungumzo ya wazee ndiyo yaliyokuwa njia fupi, pengine ndiyo njia pekee.

Kule migodini nako usuluhishi ulipata sura yake. Mgodi wa Roan Antelope huko Luanshya uliweka mwaka 1931 mabaraza ya wazee waliowakilisha makabila ya wafanyakazi, wakamaliza ugomvi wa kambini pasipo kuufikisha kwa maofisa. Mgomo wa Mei 1935, ambamo wafanyakazi sita waliuawa kwa risasi hapo Luanshya, ulionyesha kikomo cha wazee hao: waliweza kusuluhisha mke na mume, lakini dai la mshahara liliwapita kimo, na mwaka 1953 wachimbaji wenyewe walipiga kura ya kuwaondoa wawakilishi wa kikabila.

Hali ya Iringa ilikuwa tofauti. Wahehe, na zaidi yao Wabena wa Njombe, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na tangu 1944 waliandikishwa na ofisi ya pamoja ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Huko kulikuwa mbali lakini palikuwa ndani ya Tanganyika ile ile, mahali ambapo wito uliweza kutumwa kwa njia ya boma. Zaidi ya hayo, Uhehe ulikuwa na mtwa mmoja, yaani mtawala mkuu, juu ya wanzagila, watawala wa maeneo waliosikiliza mashauri kwa jina lake, tofauti na Unyakyusa uliogawanyika katika himaya nyingi ndogo. Dai la Iringa lililokawia kuliko yote, hata hivyo, lilimalizwa nje ya mahakama: fuvu la Mkwawa, mtwa wa Wahehe, ambalo kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita, lilirudi Kalenga Juni 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulifuatilia hadi katika jumba la makumbusho la Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi.

Usuluhishi huu wa koo usisifiwe kupita kiasi. Mwanamke aliyezungumziwa mara nyingi hakuulizwa, na kijana wa mgodini aliweza kurudi akakuta fedha alizotuma zimelipa deni la baba yake. Kwa wanawake wengi mahakama ya wenyeji, pamoja na ubaridi wake, ndiyo iliyokuwa mahali pa kwanza pa kudai talaka kwa kinywa chao wenyewe.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na mwaka huo huo serikali ikatangaza sheria za kimila zilizounganishwa, zikiwemo kanuni za kurudisha mahari. Kisha Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaweka katika kifungu cha 101 sharti la kupeleka mgogoro kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, isipokuwa, pamoja na sababu nyingine, pale ambapo mdaiwa anaishi nje ya Tanzania na haielekei kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita. Sheria inachukulia kuwa mgogoro ni wa watu wawili, na kwamba mmoja wao asipokuwepo hakuna wa kupatanishwa. Upande wa pili, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, katika kifungu cha 33, inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kumpokea ndugu au mtu wa nyumba moja na mhusika asimame badala yake katika shauri la madai, mradi mhusika mwenyewe ameomba.