Seli shina

Katika Bonde la Lambwe, Homa Bay, mbung'o anayeeneza malale alipigwa vita kwa panga pia: vichaka vilifyekwa ili akose kivuli. Ila kila anayefyeka anajua kuwa kichaka kilichokatwa juujuu huchipua mvua ikinyesha, maana shina limebaki.

Ndiyo sababu naipenda istilahi "seli shina za saratani", yaani seli chache zinazodhaniwa kuuotesha uvimbe upya. Glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo, hupasuliwa, hupigwa mionzi, mgonjwa hupewa dawa. Hata hivyo mara nyingi hurudi kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2004, watafiti Sheila Singh na Peter Dirks wa Toronto walipandikiza seli 100 tu zenye alama ya CD133 katika ubongo wa panya, uvimbe ukaota. Zisizo na alama hiyo, hata zilipofika 100,000, hazikuotesha kitu. Miaka miwili baadaye, watafiti wengine walionyesha kuwa seli zenye alama hiyo hurekebisha haraka madhara ya mionzi kwenye DNA yao. Alama yenyewe si kamilifu: baadaye zilipatikana seli zisizo nayo zilizozaa uvimbe.

Ninachowasihi watangazaji wetu ni wasikate neno. "Seli shina" peke yake si ugonjwa. Zimo katika uboho wa kila mmoja wetu, zinatengeneza damu, na wagonjwa wa saratani ya damu hupandikizwa seli hizo ili wapone. Mgonjwa akisikia redioni kwamba "seli shina huleta saratani", anaweza kuikataa tiba hiyo. Maneno mawili zaidi, "za saratani", hayamalizi muda wa taarifa.