Tope la Ruzizi na hesabu ya mwaka 1851

Mto Ruzizi ukitoka Ziwa Kivu pale Bukavu huwa safi, kwa kuwa ziwa limekwisha kuyatuliza maji. Tope unalipokea njiani, kutoka vijito vya milima ya Kongo na Burundi. Ukifika bonde la Mutarule na Sange wakati wa mvua, mto umekuwa mwekundu.

Yachote maji hayo, uyaache kwenye ndoo. Mchanga hutua papo hapo. Tope laini, chembe za sehemu mbili za mia za milimita, hushuka mita moja kwa dakika 40 hivi. Udongo wa mfinyanzi, wenye chembe ndogo kuliko hizo mara kumi, huchukua karibu siku tatu kwa mita hiyo hiyo. Ndiyo sababu kunapokucha ndoo bado haijatakata.

Aliyetuwezesha kupiga hesabu hiyo ni George Gabriel Stokes, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, katika andiko la mwaka 1851 kuhusu pendulamu. Alionyesha jinsi maji yanavyokizuia kitu kidogo kinachopita ndani yake. Kutokana na hapo tunajua kwamba kipenyo kikipungua nusu, chembe huzama polepole mara nne zaidi. Mwaka 1936, huko Berlin, Albert Shields alipima nguvu inayotosha kuing'oa chembe iliyokwisha kutua. Mwaka 1950 Hans Albert Einstein, mwana wa yule Einstein maarufu, alitoa hesabu ya mchanga unaosafiri kwa kurukaruka chini ya mto. Kompyuta zikaja: mwaka 1977 Crowe, Sharma na Stock walieleza njia ya kuyafuata matone ndani ya gesi, gesi ikiyasukuma nayo yakiipunguzia mwendo; chembe ndani ya maji nazo zinaweza kufuatwa vivyo hivyo. Chembe ikigonga ukuta, programu ya kompyuta lazima iambiwe: itaruka, itateleza, au itaganda?

Kwetu ukuta huo ni mawe ya ufuo wa Ziwa Tanganyika, ambamo Ruzizi humwaga maji yake, na ambako samaki hula mwani. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba penye tope jingi, aina za viumbe ni chache kuliko penye maji safi. Tope likiganda juu ya jiwe, malisho yamekwisha.

Programu bila vipimo vya mto wenyewe haina la kutuambia. Mji wa Uvira una kituo cha utafiti wa viumbe vya majini, CRH. Wakuu wa Kivu Kusini, wapeni watafiti hao vyombo na mafuta ya mtumbwi, wapime tope la Ruzizi kila msimu wa mvua.