Mwalimu Sikujua na Diwani ya Muyaka: Stahiki ya Hadhira katika Historia ya Ushairi wa Mombasa

Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy ilichapwa Johannesburg mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Tangu hapo imetambulishwa kwa majina mawili: la mshairi, aliyefariki mnamo 1840, na la mhariri, William Hichens. Baina ya majina hayo kuna pengo la miaka mia moja. Makala hii inashughulikia waliolijaza pengo hilo, yaani hadhira ya Mombasa iliyoyasikia mashairi, ikayahifadhi na kuyapokezana, na hasa mtu mmoja miongoni mwao, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi.

Sura ya ushairi wa Muyaka ndiyo iliyoifanya hadhira hiyo kuwa ya lazima. Mtunzi wa utenzi alikuwa na nafasi ya kujitambulisha. Katika beti za mwisho aliweza kutaja jina lake, nasaba yake, mji wake, pengine hata idadi ya beti na tarehe, na mnakili naye aliweza kuongeza la kwake. Mashairi mengi ya Muyaka hayakuwa na nafasi hiyo. Ni mafupi, mara nyingine ubeti mmoja tu, na yalizaliwa na tukio: ugomvi wa nyumbani, njaa, safari ya chombo, uhasama wa Mombasa ya Wamazrui na Lamu, kisha na Wabusaidi walioutwaa mji mwaka 1837. Ubeti wa namna hiyo ukitenganishwa na kisa chake hugeuka fumbo, na ukitenganishwa na kumbukumbu ya waliousikia hukosa mwenyewe. Kwa hiyo aliyelikumbuka shairi la Muyaka alihifadhi mambo matatu kwa pamoja: maneno, sababu ya maneno, na jina la aliyeyasema.

Isitoshe, hadhira hiyo haikuwa ya kusikiliza tu. Mashairi yaliyohusu vita vya Kuduhu, ambayo Biersteker na Shariff (1995) wameyakusanya, yanaonyesha wazi kwamba shairi la Mombasa lilitungwa likitarajia jibu kutoka Lamu, na jibu nalo likazaa jibu. Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa msikilizaji wa Muyaka kabla ya kuwa mpinzani wake. Ukiziondoa beti za mmoja, za mwingine hubaki zikining'inia.

Sikujua aliingia katika mkondo huu nusu karne baadaye. Alikuwa mwalimu na mshairi, na alikuwa Mombasa wakati mmisionari wa Kianglikana, W. E. Taylor, alipokuwa akikusanya methali, mashairi na msamiati wa Kimvita. Kwa msaada wa Sikujua mashairi ya Muyaka yalikusanywa kutoka katika kumbukumbu za wenyeji na kuandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha Taylor akayahawilisha katika hati za Kirumi na kuyafafanua. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor hatimaye zilifika London, ambako zimehifadhiwa katika Skuli ya Taaluma za Mashariki na Afrika, na ndizo zilizokuwa nguzo ya uhariri wa Hichens.

Neno "msaada" linastahili kutazamwa kwa makini. Katika maandishi mengi ya fani yetu hutumiwa kumtaja mtu aliyechagua matini, akatofautisha riwaya sahihi na isiyo sahihi, akafafanua msamiati uliokwisha kupotea na kueleza nani alimwambia nani na kwa nini. Kazi hizo zikifanywa na mtu mwenye ofisi chuoni, huitwa uhariri. (Mazoea haya hayajaisha. Tasnifu za leo zimejaa "mtoa taarifa nambari nne" ambaye maelezo yake ndiyo sura nzima ya tatu. Maadili ya utafiti hutaka siri pale penye madhara, lakini mzee mjuzi wa mashairi aghalabu hana cha kuficha, na huenda angependa kutajwa.)

Inaweza kudaiwa kwamba zama zile hazikuwa na utaratibu mwingine. Mfano wa Muhamadi Kijuma wa Lamu unaikataa hoja hiyo. Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili, mchonga milango na mwanamuziki. Aliwanakilia miswada wataalamu wa Ulaya, akiwamo Hichens huyohuyo, na barua zake zinaonyesha kwamba alilichukulia suala la malipo kuwa sehemu ya kazi. Aidha, alitia jina lake mwishoni mwa miswada, kwa mapokeo yaleyale ya tamati ya utenzi. Mwaka uleule wa 1940 Ernst Dammann alichapisha Hamburg mkusanyo wa tungo za Kiamu uliotegemea sana miswada ya Kijuma. Kwa kuwa jina lilikuwa limeshonwa ndani ya matini yenyewe, halikuweza kudondoka njiani. Miehe na Vierke walipozirejea karatasi za Dammann mwaka 2010, jina lililotangulia katika anwani ya kitabu chao lilikuwa la Kijuma.

Marekebisho ya aina hiyo yamewahi kufanywa pia kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. *Desturi za Wasuaheli* ilitoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka 1981, ndiyo iliyolipandisha jina la Mtoro katika anwani. Ilichukua miaka sabini na minane, na Mtoro mwenyewe alikuwa amekwisha kufa Berlin tangu 1927.

Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, nalo liliwategemea wasomaji kwa barua na mashairi. Hata hivyo, washairi wake hawakumwachia mhariri jukumu la kuwatambulisha. Wengi walitaja jina au lakabu na mji wao katika ubeti wa mwisho, mahali ambapo mkasi wa mhariri usingepita bila kuvunja vina.

Sikujua hakuwa na ubeti wa mwisho wa kujitaja, kwa kuwa mashairi aliyoyaokoa hayakuwa yake. Mohamed Abdulaziz, katika utafiti wake kuhusu Muyaka (1979), ametambua mchango wake na ameonyesha kwa kina jinsi visa vya mashairi vinavyobeba maana. Kanuni za marejeleo, hata hivyo, hazina safu ya aliyekumbuka. Katika orodha za vyuo vyetu Diwani ya Muyaka bado huwekwa chini ya herufi H.